Nguchiro na Nyumba ya Magurudumu Mawili

Hodi jamani, nina ngano mlangoni.

— Karibu na ngano yako.

Iingie?

— Iingie.

Iingie kwa uso au iingie kwa matako?

— Kwa uso.

Haya. Kumbukeni mlivyojibu, maana tutarudi hapo hapo.

Sogeeni. Tausi, mtoe mtoto kwenye moshi. Mzee Chambuso, naona umekuja na kiti chako. Karibu, mwenye nyumba hakatazwi kusikiliza. Sisi wapangaji wako wote tuko hapa, hakuna aliyetoroka. Ila tuelewane mapema, mzee wangu. Ngano hii ni ya porini, na huko porini wenye nyumba wana mikia.

Palikuwa na Nguchiro, mama wa watoto wanne. Mume hana. Mume alichukuliwa na tai mchana kweupe, na tai hakurudi kueleza. Nguchiro akalia siku alizolia, kisha akanyamaza, maana watoto walikuwa wanataka kula.

Alikuwa amepanga kwa Ngiri. Ngiri mnamjua: meno nje ya mdomo, vinundu usoni, tumbo linafika mahali kabla yake. Alikuwa na shimo kubwa chini ya kichuguu, na pembeni ya shimo kijumba kidogo, ndicho alichompa Nguchiro. Kijumba kilikuwa na joto zuri na kilikuwa kinavuja upande mmoja tu.

Shimo hilo hakulichimba Ngiri. Lilichimbwa na Mhanga, ambaye kazi yake ni kuchimba, na akishachimba huchoka na kuhama. Ngiri alipita asubuhi yake, akakuta shimo liko wazi, akaingia. Tangu siku hiyo akawa mwenye nyumba. Alijipa pia kila kitu kuanzia kichuguuni mpaka korongoni, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Na Ngiri alikuwa na desturi yake. Haingii nyumbani kwa uso. Akifika mlangoni husimama, hugeuka, huinua mkia, halafu hurudi kinyumenyume, tii, tii, tii, mpaka inabaki pua na yale meno. Baba yake aliingia hivyo. Babu yake aliingia hivyo. Walimwambia adui hutoka nje, kwa hiyo meno yaangalie nje. Hakuna aliyewahi kumwambia atazame anakoingia.

Kodi yake ilikuwa kupe. Kila asubuhi Ngiri alijilaza kiubavu juani, Nguchiro akampanda na kumchambua, tu, tu, tu, mmoja baada ya mwingine. Kazi ile Nguchiro aliijua. Aliujua mwili wa Ngiri kuliko Ngiri mwenyewe: pale nyuma ya sikio, pale kwapani, na pale chini ya shina la mkia, penye ngozi laini, ambapo hata nzi akitua Ngiri hutetemeka mwili mzima.

Kupe wa asubuhi wangetosha. Mkataba ulikuwa huo. Lakini siku moja Ngiri akachomeka pua kijumbani, bila hodi, maana Ngiri alikuwa hajawahi kupiga hodi maishani mwake.

"Kuanzia leo utanichambua asubuhi na jioni," akasema.

"Kwa nini, mwenye nyumba?"

"Nyumba ni yangu, na kilichomo ni changu."

"Sawa, mwenye nyumba."

Zikapita siku. Pua ikaingia tena, bila hodi.

"Nasikia harufu ya mayai."

"Ni ya watoto. Nimeyatafuta tangu alfajiri."

"Nyumba ni yangu, na kilichomo ni changu."

"Sawa, mwenye nyumba."

Akayala yote, kwachu, kwachu, na maganda yake. Watoto walimtazama. Tangu hapo kila alichokileta Nguchiro kilionjwa kwanza, na Ngiri akionja hubaki kidogo cha kuonesha kwamba kulikuwa na kitu.

Mzee Chambuso, mbona unajikuna? Ni ya porini, nimekwambia.

Masika yalipokuwa yanaishia, pua ikaingia mara ya tatu.

"Mvua za vuli zikianza, nataka chumba changu," Ngiri akasema. "Mpwa wangu anaoa."

"Mpwa yupi, mwenye nyumba?"

"Nitampata."

"Na mimi na watoto hawa tutakwenda wapi?"

"Pori ni kubwa," akasema, akatoa pua yake.

Jioni ile Nguchiro alimchambua kama kawaida. Nyuma ya sikio, akatoa. Kwapani, akatoa. Alipofika chini ya mkia akamkuta kupe mmoja mdogo, ndiyo kwanza anaanza kushika. Akamtazama. Akamwacha. Hakuwa na mpango wowote, msije mkampa akili ambayo wakati huo hakuwa nayo. Ilikuwa hasira tu, na hasira yake haikuwa na mahali pengine pa kukaa.

Akaanza kutafuta chumba.

Akaenda kwa Nungunungu. Nungunungu akasema chumba kipo, lakini watoto hataki, wanachafua. Akaenda kwa Pimbi kwenye mawe. Pimbi akauliza baba watoto yuko wapi, na alipoambiwa akasema hapo kwake hawapangishi wanawake wasio na waume, majirani watasema. Akaenda kwa Kicheche. Kicheche hakuwa na neno juu ya watoto wala juu ya mume, ila alitaka kodi ya mwaka mzima kabla mtu hajalaza kichwa.

"Mwaka mzima nitautoa wapi," Nguchiro akauliza, "na nikiwa nao si ningejenga?"

"Hayo ni yako," akasema Kicheche.

Akarudi amechoka. Njiani, chini kabisa kwenye korongo, akamkuta Kobe anatafuna uyoga. Alikuwa anautafuna polepole, macho ameyafumba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Nguchiro akamweleza yote. Kobe akasikiliza bila kuacha kutafuna.

"Babu, wewe umewahi kufukuzwa nyumba?"

"Anifukuze nani?" Kobe akasema. "Mwenye nyumba ni mimi. Nyumba ni hii. Nikichukia mahali, naondoka, na nyumba inakuja."

Neno lile lilimwingia Nguchiro. Alikuwa amehama mara nyingi maishani mwake, na kila alipohama aliacha kitu: alama za watoto ukutani, majani aliyoyapanga pa kulalia, shimo dogo alilochimba mwenyewe. Hakuwahi kufikiri kwamba nyumba inaweza kuja.

Kobe akamwonesha kwa kichwa. Pale pale korongoni, kwenye mchanga, palikuwa na mkokoteni. Watu waliokuwa wanafyatua matofali waliuacha walipoondoka. Kobe, ambaye mambo ya nyumba zinazotembea ndiyo fani yake, alikuwa ameukarabati kwa kiangazi kizima kilichopita: akapandisha juu yake sanduku la mbao, akaliezeka nyasi, akaacha mlango upande wa mbele, katikati ya ile mikono miwili ya kuvutia, na nyuma kidirisha. Magurudumu mawili, yote mviringo. Mikono ilikuwa imeelekea juu ng'ambo, kwenye mwinuko ambao hauna mwenyewe.

"Unauza?"

"Nauza."

"Kwa nini?"

"Kwa uyoga mkavu," akasema Kobe. "Uutunge kwenye uzi wa mkonge, unizungushie kuanzia shingoni. Siku gamba langu litakapokuwa halionekani tena, nyumba ni yako."

Nguchiro akalitazama gamba. Lilikuwa gamba kubwa, na Kobe hakuwa na haraka.

Basi akaanza kuweka akiba.

Uyoga ulikuwa bado unachipua kwenye ubavu wa kichuguu, mmoja hapa, mmoja pale. Nguchiro aliuchuma kabla Ngiri hajaamka, akauanika juu ya jiwe, akautunga. Uweke wapi sasa? Ukiuweka kijumbani, kilichomo ni cha Ngiri. Ukiuzika ardhini, Ngiri ana pua ya kufukua, angeufukua kabla jua halijapanda. Nguchiro akafikiri, kisha akaupandisha kwenye mgunga uliosimama juu ya mlango wa Ngiri, akauzungushia matawini katikati ya miba.

Kwa sababu Ngiri hatazami juu. Shingo yake haipendi, na chakula chake chote kiko chini.

Kiangazi kikaingia. Uyoga ukaadimika, Nguchiro akautafuta mbali, kwenye vivuli, kwenye magogo yaliyooza. Alipopata mende alikula nusu na nusu akampa Kindi, ambaye alimlipa kwa uyoga wake wa zamani. Watoto waliona uyoga juu ya mti na hawakuuliza. Siku moja mdogo wao alipanda akala mmoja. Nguchiro alimkuta na makombo mdomoni, akainua mkono ampige, akashindwa, akamlamba uso. Alijisikia vibaya siku nzima, kwa kutaka kupiga na kwa ule uyoga pia.

Kila alipopata utungo mmoja alishuka korongoni, akamzungushia Kobe, wakatazama pamoja.

"Gamba linaonekana?"

"Linaonekana, mjukuu wangu."

Anaurudisha juu ya mti. Anaendelea.

Siku moja upepo ulivuma, fyuu, uyoga mmoja ukadondoka, tap, ukamwangukia Ngiri puani akiwa amelala mlangoni. Ngiri akaula. Akafumbua macho.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Mbinguni, mwenye nyumba," akasema Nguchiro, na hakuthubutu kutazama juu.

"Kilichoangukia kwangu ni changu."

"Sawa, mwenye nyumba."

Ngiri alikaa pale mpaka jua linazama, amepiga magoti, ananusa ardhi kila upande kutafuta kilikotoka kitu cha mbinguni. Hakuinua kichwa hata mara moja. Akalala na njaa, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kumpata.

Na kila asubuhi na kila jioni Nguchiro aliendelea kumchambua. Nyuma ya sikio, tu. Kwapani, tu. Akifika chini ya mkia anamsalimia yule kupe wake kwa macho na kumpita. Kupe alikuwa amenenepa sasa, amekuwa kama kunde iliyolowekwa. Ngiri alianza kulalamika kwamba kuna kitu kinamwasha huko nyuma.

"Ni joto la kiangazi, mwenye nyumba."

Kwa hiyo Nguchiro alikuwa na akiba mbili. Moja ilikuwa juu ya mti, na moja ilikuwa chini ya mkia.

Ikafika siku aliyomzungushia Kobe kuanzia shingoni, akazungusha, akazungusha, akafika kwenye mkia, uzi ukaisha.

"Gamba linaonekana?"

Kobe akageuza shingo huku, akageuza shingo kule.

"Halionekani," akasema. "Nyumba ni yako, mjukuu wangu. Uikae kwa heri."

Nguchiro aliingia ndani ya lile sanduku akakaa. Akatoka. Akaingia tena. Alicheka peke yake kama mtu aliyetekenywa. Kisha akashuka, akashika mikono ya mkokoteni, akavuta.

Mkokoteni haukusogea.

Akavuta tena. Gurudumu likasema kwi, likanyamaza. Akafunga kamba kiunoni, akavuta mpaka macho yakatoka. Kwi. Basi.

"Babu," akasema, "haiendi."

"Mimi nimekuuzia nyumba," Kobe akajibu kutoka ndani ya uyoga. "Mwendo sikuuza. Mwendo kila mtu hutafuta wake."

Tena akaongeza, kwa sauti ile ile ya kutafuna, kwamba afadhali autafute mapema, kwa sababu korongo lile, ingawa mvua zilizopita zililiruka, likinyeshewa hujaa mara moja, na mwaka juzi lilichukua gogo zima na chura aliyekuwa amekaa juu yake. Akatazama mashariki. Mashariki kulikuwa kumeanza kuwa kweusi.

Nguchiro akakaa chini kwenye mchanga akalia. Alilia kwa hasira, na kwa njaa ya kiangazi kizima, na kwa sababu watoto hawakula uyoga ule walioutazama kila siku. Chumba anafukuzwa leo au kesho. Nyumba anayo, na nyumba iko kwenye njia ya maji. Halafu ngurumo ikapiga mbali, guduguduu, akajifuta pua akaenda kuwachukua watoto.

Alipofika kichuguuni alimkuta Ngiri naye anarudi nyumbani kukimbia mvua. Nguchiro akasimama pembeni kumpisha. Ngiri akafika mlangoni. Akasimama. Akageuka. Akainua mkia. Akarudi kinyumenyume, tii, tii, tii.

Nguchiro alikuwa ameliona jambo hilo kila siku ya maisha yake ya upangaji. Lakini siku hiyo alilitazama vizuri. Akayatazama yale matako yanavyotafuta mlango yenyewe. Akaikumbuka ile mikono miwili ya mkokoteni, na nafasi iliyoko katikati yake.

Machozi yakakauka hapo hapo.

"Mwenye nyumba," akasema kwa sauti ya unyenyekevu, "nimekuja kuaga. Asante kwa kutuweka. Tumepata kwetu."

Pua ikachomoza. "Kwenu wapi?"

"Kijumba tu. Si cha kusema."

"Kina nini?"

"Hakina kitu. Kuta za mbao tu. Na paa jipya. Na ukumbi mbele, wenye nguzo mbili ndefu, ila hizo si za watu wadogo kama sisi, hata naona haya. Na joto lake limezidi, mtu analala mpaka mchana."

Ngiri akatoka shimoni mzima mzima. "Kiko wapi?"

"Korongoni."

"Korongoni ni kwangu," akasema Ngiri.

"Jamani, mwenye nyumba, usituonee. Tumejinyima kiangazi kizima."

"Nani alikwambia ujinyime? Twende."

Nguchiro akamwomba, akamwomba sana, huku anawasukuma watoto watangulie mbio. Kisha akamwacha Ngiri nyuma na tumbo lake, na alipofika alipandisha mikono ya mkokoteni juu ya mawe mawili ikae sawa. Akaifunika nyasi, ikawa ukumbi kweli. Akatwaa ile kamba aliyojifunga kiunoni, akafunga kitanzi kipana kati ya nguzo na nguzo, akakificha kwenye nyasi, na ncha zake akazikaza kwenye mhimili wa mkokoteni. Akawatia watoto ndani ya sanduku, naye akasimama mlangoni pake. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka, ta, ta, ta.

Ngiri akafika anahema. Akautazama ukumbi. Akapima nguzo kwa macho. Alikuwa hajawahi kuona nyumba yenye nguzo, na akajua papo hapo kwamba ilikuwa yake siku zote.

"Toa watoto wako."

"Mvua inanyesha, mwenye nyumba. Ngoja nikusanye vitambaa vyetu, tutatokea kidirishani huko nyuma. Wewe ingia usilowe. Ila nakuomba kitu kimoja. Mlango ni wa heshima. Ingia kwa uso, uone nyumba vizuri."

Sikilizeni hapo. Alimwambia ukweli mtupu, na alimwambia ili asimsikilize.

"Wewe mpangaji unifundishe mimi kuingia nyumbani?" Ngiri akasema. "Baba yangu hakuingia kwa uso. Babu yangu hakuingia kwa uso."

Akasimama. Akageuka. Akainua mkia. Akaingia kinyumenyume katikati ya nguzo, tii, tii, tii. Matako yakapita kwenye kitanzi. Tumbo likapita kwa taabu, lile tumbo la mayai ya watu. Tii, tii, tii, mpaka matako yakagota kwenye mlango wa sanduku, du, yakaziba. Meno yalikuwa yanaangalia nje, yanamngoja adui.

Akakaa hivyo akisikia raha. Kisha akasikia sauti nyuma yake, ndani.

"Mwenye nyumba."

"Hujatoka tu?"

"Umeingia vizuri?"

"Nimeingia. Toka."

"Nilitaka kukukumbusha neno lako," akasema Nguchiro. "Nyumba ni yangu, na kilichomo ni changu."

Ngiri akataka kugeuza kichwa. Kichwa kilikuwa nje na nguzo huku na huku. Na Nguchiro akiwa ndani alikuwa mbele ya mahali anapopajua sana, chini ya shina la mkia, penye ngozi laini. Kupe wake alikuwa pale, mnene, ameshika kwa nguvu za kiangazi kizima. Nguchiro akamkamata kwa meno, akamvuta.

Uuuuiiiiii.

Ngiri hakuwahi kutoa sauti ile tena, na ndege waliohama siku hiyo wengine hawajarudi. Aliruka. Kitanzi kikamkaza kifuani, na kilipotaka kuteleza tumbo likakizuia. Mkokoteni ukasema kwi, ukasema kwichi, ukang'oka mchangani.

Kwichi kwichi, gurudu gurudu, kwichi kwichi, gurudu gurudu.

Ngiri mbele, mkia juu kama fimbo, nyumba nyuma. Kadiri alivyokimbia ndivyo kile kitu kilivyomfuata, na kadiri kilivyomfuata ndivyo alivyokimbia. Watoto ndani walirushwa huku na kule, wakacheka, wakatapika, wakacheka tena. Wakapita kwa Kobe, aliyekuwa ameshajisogeza ukingoni. Kobe akatoa kichwa katikati ya uyoga wake akasema, "Naona mwendo umeupata," akarudisha kichwa.

Wakapanda ukingo wa korongo. Nguchiro akachungulia kidirishani. Huko chini maji yalikuwa yamefika, mekundu, yanabingirisha magogo, na yale mawe mawili aliyoegesha mikono hayakuonekana tena. Akawakumbatia watoto wote kwa pamoja.

Kwichi kwichi, gurudu gurudu, mpaka juu kabisa kwenye mwinuko usio na mwenyewe. Hapo Ngiri akaishiwa pumzi, akapiga magoti.

"Nifungue," akasema.

"Kwanza geuza kidogo mlango uelekee huku, mvua inapiga ndani."

Ngiri akageuza. Nguchiro akakata kamba kwa meno, katu, na Ngiri akaondoka bila kuaga, mkia bado umesimama. Mpaka leo ukimwona anakimbia mkia uko juu. Wengine wanasema ni maringo. Sisi tunajua kinachomuuma.

Usiku ule Nguchiro alilala kwake. Mvua ilinyesha na paa halikuvuja. Mtoto mdogo akauliza, "Mama, hapa mwenye nyumba nani?" Nguchiro akamvuta kifuani, maana jibu lenyewe lilikuwa halijawahi kupita kooni mwake. Mtoto akasinzia hapo hapo.

Ngiri naye alirudi kwenye shimo lake likiwa limejaa matope. Mpwa hakupatikana. Na kupe wa mvua za vuli mnawajua wanavyokuwa: nyuma ya sikio, kwapani, kila mahali, na hakuna wa kumchambua. Akajisugua kwenye mti, mti ukaanguka. Akajigaragaza kwenye tope, tope likakauka na kupe ndani. Hakulala, hakula vizuri, tumbo likapungua.

Asubuhi moja, Nguchiro anafagia ukumbi wake, akasikia mtu amesimama nje. Amesimama muda mrefu, anakohoa, anakwangua ardhi kwa kwato. Kisha ikatoka sauti ngeni kabisa.

"Hodi."

Nguchiro akaacha kufagia. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Ngiri."

"Unataka nini, Ngiri?"

"Nawashwa."

Nguchiro akamwacha asimame kidogo, siyo sana.

"Nitakuchambua," akasema. "Asubuhi tu, jioni napumzika na wanangu. Na wewe, nyumba hii ikitaka kuhama kufuata malisho, utaivuta."

Ngiri akatazama chini, anakotazama siku zote.

"Sawa," akasema.

"Sawa nani?"

Hata watoto walitoka kusikiliza.

"Sawa, mwenye nyumba."

"Karibu basi," akasema Nguchiro. "Na uingie kwa uso."

Akaingia kwa uso. Ndiyo maana ukipita porini asubuhi utamkuta Ngiri amelala kiubavu kama maiti, Nguchiro na wanawe wamempanda, tu, tu, tu. Kwenye shimo lake mwenyewe bado anaingia kinyumenyume, hakubadilika. Lakini akiwa ugenini ana adabu.

Sasa ngano lazima iwe na funzo, na Mzee Chambuso ananitazama. Basi funzo ni hili, wapangaji wenzangu, lishikeni sana. Mheshimuni mwenye nyumba. Akipandisha kodi, mshukuruni. Msimfiche akiba, na hasa msiifiche mahali asipotazama. Mkimkuta na kupe, mtoeni wote siku hiyo hiyo, msimwache hata mmoja. Na mikokoteni ni vyombo vya kubebea matofali, mtu mwenye akili zake hawezi kuishi humo.

Umeridhika, mzee? Na ule mkokoteni ulioko nyuma ya choo, unaoniuliza kila siku ni wa nani, ni wangu. Nimeuweka tu.

Ngano yangu imefika juu, nakata kamba. Nani ataivuta?

— Tutaivuta.

Kwa uso?

— Kwa uso.

Kalaleni.